Trei za silikoni zenye mfuniko kwa chakula cha mtoto: zinafaa kwa kongelateri za Goma?

Trei tunayoipima hapa ni ile ya silikoni laini, yenye vyumba 9 hadi 12 na mfuniko wake, inayouzwa kwenye maduka ya vyombo vya nyumbani huko Birere na katikati ya mji kwa ajili ya kugandisha chakula cha watoto. Zipo za rangi nyingi na za viwanda vingi, na baadhi hazina hata jina la kiwanda kwenye karatasi, kwa hiyo tunaongea juu ya aina, si juu ya jina.

Mwenye haraka ya kwenda dukani achukue hukumu yetu sasa hivi. Yenye vyumba vya mililita 30 na mfuniko mgumu wa plastiki, nunua. Isiyo na mfuniko, acha hata ikiwa bei yake ni nzuri. Yenye vyumba vikubwa vya mililita 70 au zaidi, ngojea mtoto afikishe miezi 9. Na kama hujui kongelateri yako inafika baridi ya kiasi gani, usinunue trei yoyote kabla ya kusoma sehemu ya umeme hapa chini.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini agandishe chakula katika mji ambao mboga zinashuka kila asubuhi kutoka Kibumba, kaskazini mwa mji, na sambaza, samaki wadogo wa ziwa Kivu, zinafika soko la Kituku zikiwa bado zinang'aa. Jibu ni makala, yaani mkaa, na muda. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho maji yanachemka yakiwa na nyuzi kama 95, si 100. Maharagwe makavu yanayoiva upesi kule pwani, hapa yanakaa mbabulani (jiko la makala) muda mrefu zaidi. Mtoto wa miezi 7 anahitaji vijiko viwili vitatu tu vya maharagwe kwa mlo, na hakuna mama atakayewasha makala kwa saa mbili kwa ajili ya vijiko vitatu. Matokeo yake mtoto anapewa uji mtupu asubuhi, mchana na jioni. Uji unamshibisha, lakini chuma, protini na vitamini A anazozihitaji kuanzia miezi 6 hazipatikani za kutosha ndani ya uji wa mahindi pekee. Thamani ya trei ni hiyo: inaweka maharagwe, sambaza na lengalenga (mchicha) ndani ya bakuli la mtoto kila siku, kwa makala ya siku moja.

Trei yenyewe

Anza na ukubwa wa chumba. Mililita 30 ni sawa na vijiko 2 vikubwa vya chakula. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 8 aanze na vijiko vikubwa 2 hadi 3 kwa mlo, mara 2 hadi 3 kwa siku, akiongezwa taratibu mpaka nusu ya kikombe cha mililita 250, huku akiendelea kunyonya. Kipande kimoja cha mililita 30 kinatosha mlo wa siku za kwanza bila kubakiza kitu. Vipande viwili, kimoja cha maharagwe na kimoja cha maboga, ni mlo wa mtoto aliyekwisha kuzoea kijiko. Vipande vinne ndiyo ile nusu ya kikombe. Trei ya vyumba vya mililita 70 inakulazimisha uyeyushe chakula kingi kuliko tumbo la mtoto anayeanza, na kinachobaki ni cha kutupwa.

Silikoni yenyewe ikague kabla ya kulipa. Shika ukingo wa trei, uukunje kwa nguvu kati ya vidole. Silikoni safi inabaki na rangi yake. Ile iliyochanganywa na vitu vya kujazia mara nyingi inatoa mstari mweupe pale ilipokunjwa. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinakuondolea trei mbovu kabisa. Cha pili kifanye nyumbani siku hiyo hiyo: mwagia maji yanayochemka, subiri dakika 5, nusa. Ikitoa harufu kali ya mpira au ya petroli, irudishe dukani. Chakula chenye mafuta kitaichukua harufu hiyo.

Ulaini ni sifa wakati wa kutoa vipande, na ni taabu wakati wa kujaza. Trei iliyojaa inalegea katikati ukiinyanyua, chakula kinaruka kutoka chumba hadi chumba, na maboga yanaishia ndani ya samaki. Weka trei juu ya sahani bapa au kibao kabla hujamimina tone la kwanza, kisha uipeleke kwenye kongelateri pamoja na kibao chake. Baadhi zina ukingo mgumu wa plastiki au wa waya unaoizunguka. Hizo hazilegei, na ukizikuta, chukua hizo.

Sasa mfuniko. Kongelateri nyingi za Goma zinatunza vitu vya watu wengi: samaki wa familia, nyama ya kuuza, maji ya mifuko, vitu vya jirani wa parseli (kiwanja) moja. Damu ya nyama inayodondoka ndani ya chakula cha mtoto ni hatari ya kweli, na harufu ya samaki inaingia kwenye maboga ndani ya siku mbili. Mfuniko mgumu unazuia hayo yote mawili na unakuruhusu kupandanisha trei moja juu ya nyingine. Mfuniko mwembamba wa silikoni unabonyea chini ya uzito na kugusa chakula. Hata hivyo hakuna mfuniko kati ya hii unaozuia hewa kabisa. Kazi yake ni ya usiku mmoja, mpaka vipande viwe vigumu vihamie kwenye mfuko. Ukiviacha humo wiki tatu, juu yake panakuwa pakavu, peupe, na ladha inaisha. Jambo lingine: plastiki ngumu ikiwa na baridi kali inavunjika kwenye pembe. Usiung'oe mfuniko palepale unapoitoa trei. Uache dakika 3 mezani, utafunguka wenyewe.

Usijaze chumba mpaka ukingoni. Maji yakiganda yanaongezeka kwa karibu asilimia 9, na chakula cha mtoto kwa sehemu kubwa ni maji. Acha nafasi ya milimita 3 au 4, la sivyo chakula kinasukuma mfuniko na vipande vinaungana juu. Kutoa ni rahisi kama vyumba vina kitako cha mviringo: sukuma kwa kidole gumba kutoka chini, kipande kinaruka. Vyumba vya pembe kali vinabakiza chakula kwenye kona. Usimwagie trei maji ya moto ili vipande vitoke. Upande wa nje unayeyuka, kisha unaganda tena ndani ya mfuko, na vipande vyote vinakuwa tofali moja.

Kasoro kubwa ya silikoni ni harufu. Inashika samaki na kitunguu, na inachukua rangi ya karoti na ya mawese. Rangi haina neno. Harufu ina neno, kwa sababu papai lenye harufu ya sambaza mtoto anatema. Loweka trei saa moja kwenye maji ya vuguvugu yenye bikarbonati, kijiko kikubwa kimoja kwa nusu lita, kisha ichemshe dakika 10. Dawa bora zaidi ni kuwa na trei mbili, moja ya samaki na nyama, nyingine ya mboga na matunda. Usisugue kwa chuma, kwa maana michubuko ndiyo inayoficha uchafu. Suuza mwisho kwa maji yaliyochemshwa. Katika mji ambao watu wengi wanachota maji ziwani na ambao kipindupindu kinarudi mara kwa mara, maji ya kusuuzia chombo cha mtoto ni sehemu ya chakula chake. Iache ikauke yenyewe ikiwa imeinamishwa, usiipanguse kwa kitambaa cha jikoni.

Kongelateri na umeme

Trei nzuri ndani ya kongelateri dhaifu ni pesa iliyopotea. Angalia mlango wa frigo yako, kwenye kile chumba cha barafu: kuna nyota ndogo. Nyota 1 maana yake ni nyuzi 6 chini ya sifuri, nyota 2 ni 12 chini ya sifuri, nyota 3 ni 18 chini ya sifuri. Nyota 4 ndizo zinazosema kwamba chombo kinaweza kugandisha chakula kibichi au kilichopikwa sasa hivi, si kutunza tu kile kilichokwisha kuganda. Frigo ndogo nyingi za mitumba zina nyota moja au mbili. Chakula humo kinaonekana kigumu, lakini kinaganda polepole, chembe za barafu zinakuwa kubwa, na kikiyeyuka kinatoa maji na kuwa kama mchanga mdomoni. Nyota 1 itunze chakula kwa wiki moja tu, nyota 2 kwa mwezi mmoja usiozidi. Kongelateri ya sanduku, ile inayofunguliwa juu, ni bora kuliko ya mlango wa mbele, kwa sababu baridi ni nzito na haimwagiki nje kila unapofungua.

Umeme ukikatika, iwe laini imekatika au kashpawa (umeme wa kulipia kabla) imeisha usiku watu wamelala, kongelateri iliyojaa na ambayo haifunguliwi inashika baridi kwa karibu saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Kile chumba kidogo cha juu ya frigo kinashika muda mfupi zaidi, usikitegemee. Kwa hiyo kongelateri yenye nafasi tupu ni kongelateri dhaifu. Jaza nafasi hiyo kwa chupa za plastiki za maji, ukiacha vidole vitatu juu kwa ajili ya kupanuka. Mifuko ya chakula cha mtoto iweke katikati ya chupa hizo, chini, mbali na mlango.

Shida ni kwamba ukirudi nyumbani jioni huwezi kujua kama umeme ulikatika kwa muda wa saa 2 au wa saa 20, kwa kuwa kila kitu kimeganda tena. Watu wa nchi nyingine wanagandisha bilauri ya maji na kuweka sarafu juu ya barafu. Hapa kwetu sarafu hazitumiki, tunatumia noti, basi weka msumari. Msumari ukibaki juu, chakula hakikuyeyuka. Ukiukuta umezama na barafu imefunga juu yake, maji yaliyeyuka yote, na chakula cha mtoto cha humo ndani kitupwe. Ukiwa umezama nusu, angalia vipande vyenyewe.

Vipande vinasema. Kipande ambacho hakijapata shida kina kingo kali na kinagongana na wenzake kama kokoto ndani ya mfuko. Kilichoyeyuka kikaganda upya kina kingo za mviringo na kimeshikana na vingine. Theluji nyeupe ndani ya mfuko ni dalili ya baridi inayopanda na kushuka: bado si sumu, lakini kitumie wiki hiyo. Kwa watu wazima, chakula ambacho katikati bado kina barafu kinaweza kurudishwa kugandishwa. Kwa mtoto chini ya mwaka mmoja sisi tunakaza zaidi: kipande kilicholegea kipikwe siku hiyo hiyo mpaka kichemke na kiliwe, na kilichokuwa maji kabisa kwa zaidi ya saa 2 kitupwe bila kuonja. Kuonja hakuonyeshi vijidudu.

Vitabu vinasema mboga na maharagwe yaliyopikwa yanakaa miezi 3 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, samaki na nyama mwezi 1 hadi 2. Hayo ni ya umeme usiokatika. Kwa Goma shauri letu ni wiki 4 kwa mboga na wiki 2 kwa samaki. Kwa hiyo usipike sufuria ya miezi mitatu hata kama makala ipo.

Chakula kinachokubali, na kinachokataa

Maharagwe ndiyo mfalme wa trei hii. Chukua gramu 500 za makavu, chagua mawe, loweka saa 12, mwaga maji ya kulowekea. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30 za kwanza. Maharagwe mekundu yana sumu inayovunjwa na kuchemka kwa nguvu, si na moto mdogo, na kimo cha Goma kinataka muda zaidi ya zile dakika 10 zinazoandikwa kwingineko. Baadaye punguza moto mpaka punje ibonyee kati ya vidole bila kiini kigumu. Bila chumvi, bila kitunguu cha kukaangwa, bila kyubu ya mchuzi. Kama ni sufuria ya familia, toa sehemu ya mtoto kabla ya viungo kuingia. Saga kwa mililita 250 hadi 300 za maji yaliyochemshwa, kisha pitisha kwenye chujio cha chuma kwa mgongo wa kijiko ili maganda yabaki. Utapata karibu vipande 40 vya mililita 30. Kosa la kawaida ni kumimina maji mengi ili mashine isage upesi: uji mwepesi unaganda kwa chembe kubwa, na kila kijiko kinabeba maji badala ya chakula. Uzito unaofaa ni ule unaobaki juu ya kijiko ukikiinamisha, kisha unadondoka polepole.

Maboga na viazi vitamu havina taabu. Vipike kwa mvuke au kwa maji kidogo, visage, vigandishe. Kilo 1 ya boga na ganda lake inatoa vipande 20 na kidogo. Karoti za Kibumba pia ni nzuri, ila zichemke mpaka uma uingie bila nguvu, maana karoti isiyoiva inatoka na punje ambazo hata mashine haziondoi.

Viazi vya kizungu havitaki. Vikisagwa kwa mashine wanga wake unatoka na kuwa gundi, vikigandishwa vinatengana na maji. Viponde kwa uma, vipya, siku ya kula. Uji nao usiugandishe, uwe wa mahindi au wa masoso (unga wa mahindi, soya na mtama): ukiyeyuka unakuwa maji juu na mabonge chini, na hakuna mwiko utakaourudisha. Avoka na ndizi mbivu zinageuka nyeusi, na hakuna sababu ya kuzigandisha, zinapondwa kwa dakika moja. Papai na embe zinakubali vizuri. Zioshe kabla ya kumenya, kwa sababu kisu kinapeleka uchafu wa ganda ndani.

Lengalenga: majani tu, mashina yaache kwa mchuzi wa wakubwa. Chemsha dakika 5 hadi 7, kamua, maji yake usiyatumie. Majani haya yana naitreti, na majani yaliyopikwa yakikaa ovyo naitreti hiyo inageuka naitriti, isiyofaa kwa damu ya mtoto mchanga. Kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi hayana shida yakipikwa na kugandishwa siku hiyo hiyo. Yaliyolala mezani au kukaa siku mbili kwenye frigo, hapana. Peke yake yanakuwa machungu na yenye nyuzi. Yasage pamoja na maboga, sehemu 1 ya majani kwa sehemu 3 za boga. Sombe (majani ya muhogo) ina sharti la kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu bila mfuniko ili sumu yake itoke. Ni chakula kizuri, lakini si cha kuanzia.

Sambaza zinastahili nafasi yake. Samaki hawa, walioletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni wadogo, wana protini nyingi na wanapatikana kila asubuhi. Kwa mtoto chukua wabichi wa siku hiyo, macho maangavu yasiyozama, tumbo lisilopasuka. Toa kichwa na matumbo kwa ukucha, osha mara tatu, pika kwa mvuke dakika 10, saga na maji kidogo ya kupikia, chuja kwa makini ili mfupa usibaki. Robo kilo inatoa vipande 6 au 7. Wakavu wanakubalika kama hawana chumvi, lakini wana mchanga: loweka, osha, rudia mpaka maji yasiache kitu chini ya beseni. Samaki aliyenunuliwa akiwa ameganda anaweza kupikwa na kugandishwa mara moja tu. Kilichokwisha kupikwa, kikagandishwa, kikayeyuka, hakirudi kwenye kongelateri.

Ini la ng'ombe lina chuma kingi sana. Mara moja kwa wiki, kipande kimoja, lisizidi hapo kwa sababu vitamini A yake ni nyingi mno kwa mtoto. Asali usitie popote kabla ya mwaka mmoja: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, na kupika kwa jikoni hakuviui.

Mawese, karanga iliyosagwa na maziwa ya mama usivigandishe ndani ya vipande. Viongeze wakati wa kula. Nusu ya kijiko kidogo cha mawese mekundu juu ya kipande cha maharagwe inaongeza nguvu na kusaidia mwili kuchukua vitamini A. Matone ya limao au kipande cha papai baada ya maharagwe yanasaidia chuma kuingia.

Kupoza, kuhamisha, kupasha

Hapa ndipo chakula kizuri kinapoharibikia. Chakula kilichopikwa kisikae mezani kipoe chenyewe mpaka asubuhi, hata usiku wa Goma ukiwa wa baridi. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu vinaongezeka upesi, na sufuria nzito inabaki humo kwa muda mrefu. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, koroga, badili maji yakipata joto. Kikishakuwa cha vuguvugu, jaza trei. Toka motoni mpaka kongelateri isizidi saa 2. Lakini usiingize trei ya moto: inayeyusha jirani zake.

Acha usiku mzima, saa 8 hadi 10. Asubuhi andika kwenye mfuko wa zipu jina la chakula na tarehe kabla ya kuweka vipande, kwa sababu marka haiandiki kwenye plastiki yenye unyevu wa baridi. Ingiza vipande, kamua hewa, funga. Trei inabaki huru kwa chakula kingine siku hiyo. Ndiyo maana trei mbili zinatosha, na mwenye duka akikuuzia seti ya sita, mkatalie.

Kupasha: pika uji wa masoso kama kawaida, na ukiwa bado unachemka tia kipande cha maharagwe au cha samaki ndani ya sufuria, koroga mpaka uji uchemke tena na katikati pasiwe na baridi. Usitumbukize kipande ndani ya bakuli ili kipoze uji. Wengi wanafanya hivyo kwa sababu ni haraka, na maana yake mtoto anakula chakula cha jana ambacho hakikupata moto wa kutosha. Maboga pekee yapashe kwenye sufuria ndogo na kijiko cha maji, yachemke, yapoe, jaribu kwenye kifundo cha mkono. Ukitaka kuyeyusha mapema, weka kwenye frigo usiku na utumie ndani ya saa 24. Mezani usiyeyushe. Kilichobaki kwenye bakuli baada ya kijiko kuingia mdomoni kitupwe, mate yamekwisha kuingia. Pakua kidogo, uongeze.

Vinavyouzwa pamoja nayo

Trei ya plastiki ngumu ya barafu inafanya kazi ile ile kwa bei ndogo, vyumba vyake ni mililita 15 hadi 20, na kwa samaki kipimo hicho ni kizuri. Inapasuka baada ya miezi michache ya kukunjwa, na vipande vidogo vya plastiki vikibaki ndani ya chakula huvioni. Ikionyesha ufa mmoja, itupe. Bokali za vioo za konfitiri (chupa za jamu) hatuzishauri: zenye shingo nyembamba zinapasuka chakula kinapopanuka.

Ile mashine inayopika kwa mvuke na kusaga ndani ya chombo kimoja inavutia sana kwenye picha. Inataka umeme usioyumba kwa dakika 20 mfululizo, bakuli lake ni dogo kiasi cha kukulazimisha usage mara nne kwa sufuria moja ya maharagwe, na maharagwe makavu haiwezi kuyapika kabisa. Mikseri ya mkono na chujio cha chuma vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Umeme ukikosekana, chujio na mgongo wa mwiko vinatosha, mkono utachoka kidogo tu.

Kumbuka pia kwamba kusaga kabisa kuna mwisho. Kufikia miezi 8 au 9 acha mabonge madogo, ponda kwa uma badala ya mashine, ili mtoto ajifunze kutafuna. Anayecheleweshwa kwenye chakula laini mara nyingi anakataa cha familia baadaye. Akifikisha mwaka anakula sufuria ya nyumbani, na trei itabaki ya supu ya mifupa na ya nyanya zilizosagwa.

Nyumba ambayo haina kongelateri yake, au inayolipia nafasi kwa jirani anayefungua mlango kila dakika 10 kuuza maji, isinunue trei hii. Huko mpango salama ni kuchota maharagwe ya mtoto kutoka sufuria ya familia kabla ya chumvi, kuyaponda kwenye chujio, kuyala mchana huo, na jioni kutumia yai lililochemka mpaka kiini kikauke, au karanga iliyosagwa laini ndani ya uji.